Chumvi Kisimani: Tupime Kabla ya Kulaumiana

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa kwa wakazi wa Kikambala katika baraza kuhusu maji ya visima. Tunaichapisha kwa manufaa ya wakazi wote wa Kaunti ya Kilifi, hasa wanaoishi ukanda wa pwani.

   

Nimeombwa nieleze kwa lugha nyepesi jambo ambalo wataalamu huliita upimaji wa isotopi. Sitaanza na isotopi. Nitaanza na kisima, kwa sababu kisima ndicho kilichotuleta hapa.

Kisima kikigeuka chumvi, maneno huwa mengi. Wengine husema ni pampu kubwa ya jirani. Wengine husema ni bahari imepanda. Wengine husema ni vyoo vimekaribiana mno na visima. Wengine husema hapo maji hayajawahi kuwa matamu, ni watu tu walikuwa hawajachimba chini vya kutosha. Kila mmoja ana sababu ya kusema asemavyo, na wote wanaweza kuwa wakweli, kila mmoja kwa kisima chake.

Shida ni kwamba ulimi haujui kutofautisha. Ladha ni moja, sababu ni nyingi, na kila sababu ina dawa yake. Kama chumvi imevutwa na pampu, dawa ni kupunguza kuvuta. Kama uchafu umetoka chooni, hata mkizima pampu zote za Kikambala hamtapona. Kama chumvi imo ndani ya mwamba wenyewe, kuchimba zaidi ni kutupa pesa shimoni. Ndiyo maana nasema: tupime kwanza, tulaumiane baadaye, kama bado kutakuwa na haja.

Tulichokalia

Ukanda huu kuanzia Mtwapa, Kikambala, Kanamai hadi Vipingo umelala juu ya mawe ya matumbawe ya kale. Ni mawe yaleyale tunayokata machimboni na kujengea nyumba. Yalijengwa na viumbe wa baharini zamani sana, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Mawe haya yana matundu na nyufa. Mvua ikinyesha, maji hayakai juu, huzama haraka.

Maji hayo ya mvua yakifika chini hukuta maji ya bahari yaliyopenya kutoka ufuoni. Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo huelea juu yake kama mafuta ya nazi juu ya mchuzi. Kisima kizuri cha Kikambala ni kile kilichoishia ndani ya tabaka hilo la juu.

Sasa sikilizeni hesabu hii, maana ndiyo roho ya jambo. Kwa kila mita 1 ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hiyo ni neema kubwa. Lakini hesabu hugeuka pia: ukivuta maji mpaka kina kishuke nusu mita na kubaki hivyo, maji ya chumvi kule chini yanaweza kupanda kama mita 20. Hayapandi siku hiyohiyo, ila hupanda. Na yakishapanda, kuyarudisha huchukua misimu mingi ya mvua.

Tena haihitaji bahari nyingi kuharibu kisima. Lita 2 za maji ya bahari katika lita 100 za kisima zinatosha kuingiza zaidi ya miligramu 350 za kloridi katika kila lita. Ladha ya chumvi huanza kusikika kwenye miligramu 250 hivi.

Isotopi ni nini

Maji ni haidrojeni na oksijeni. Oksijeni imeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu, lakini atomu hizo si za uzito mmoja. Katika kila atomu 1,000 za oksijeni, karibu 998 ni nyepesi, zenye uzito wa 16, na karibu 2 ni nzito, zenye uzito wa 18. Zote ni oksijeni halisi, zote zinanyweka, ila nyingine zimebeba mzigo kidogo. Hao ndugu wa jina moja na uzito tofauti ndio isotopi. Haidrojeni nayo ina ndugu wazito, na nitrojeni, na kaboni.

Najua tangu mjadala wa Uyombo, kila linalonukia atomiki linashtua watu wetu. Niwatoe hofu. Isotopi hizi za oksijeni, haidrojeni na nitrojeni ninazozungumzia hazina mionzi. Zimo katika maji ya mtungi wako, katika dafu, katika mwili wako, tangu dunia iwepo.

Zinatusaidia vipi? Weka maji kwenye sinia juani. Yale mepesi hutangulia kupaa, mazito hubaki nyuma. Mawingu yanayotoka baharini kwa hiyo hubeba maji mepesi kuliko bahari. Mawingu hayo yakiingia bara na kupanda milima, maji mazito hutangulia kudondoka, kwa hiyo mvua ya juu milimani ni nyepesi zaidi kuliko mvua ya pwani. Maji ya Mzima, yanayotokana na mvua ya vilima vya Chyulu, hayawezi kuwa na sura moja na maji ya mvua iliyonyesha hapa Kikambala. Kila maji hutembea na kitambulisho chake.

Kitambulisho hicho ni chepesi mno kuonekana kwa macho. Tofauti tunazotafuta ni sehemu moja katika elfu, na mara nyingi sehemu moja katika elfu kumi. Hapo ndipo mashine inapoingia. Sampuli hugeuzwa gesi, gesi hupewa chaji ya umeme, kisha hurushwa kupita kwenye sumaku. Fikirini kona ya barabara kuu ya Mombasa–Malindi: boda boda na lori lililojaa mawe wakiingia kwa kasi, boda boda hukata kona karibu, lori hupanuka nje. Sumaku hufanya vivyo hivyo. Atomu nyepesi hupinda sana, nzito hupinda kidogo, na mashine huhesabu ngapi zimepita wapi. Siku hizi zipo pia mashine za mwanga wa leza ambazo hupima maji moja kwa moja, tena kwa gharama ndogo kuliko zile za kwanza.

Shahidi wa Malindi

Mtu anaweza kuuliza: je, tofauti ndogo kama hiyo inaweza kweli kutueleza jambo? Jibu liko hapa hapa pwani yetu.

Tumbawe la baharini hujenga mifupa yake kidogo kidogo kila mwaka, na huacha mistari kama ile ya mti uliokatwa. Linapojenga, huchukua oksijeni ya bahari. Bahari ikipata joto, oksijeni nzito inayoingia ndani ya tumbawe hupungua. Nyuzijoto 1 hubadilisha takriban sehemu 0.2 katika elfu. Ni kidogo sana, lakini mashine nzuri huiona.

Wanasayansi wanne, Julia Cole, Robert Dunbar, Tim McClanahan na Mkenya mwenzetu Nyawira Muthiga, walipima tumbawe kutoka Malindi mwaka baada ya mwaka. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2000 katika jarida la Science. Tumbawe hilo lilikuwa na kumbukumbu ya miaka 194, kuanzia mwanzo wa miaka ya 1800, wakati ambapo hakuna mtu aliyekuwa akipima joto la bahari yetu na kuandika. Lilionyesha kwamba maji ya Malindi yalikuwa yamepata joto kwa kiasi cha hadi nyuzi 1.3 tangu wakati huo. Lilionyesha pia kwamba bahari yetu hupanda na kushuka joto sambamba na Bahari ya Pasifiki, kule kunakozaliwa El Niño.

Tumbawe jingine la Malindi, lenye kumbukumbu ya miaka 300, lilitoa ushahidi wa udongo. Hapo kilichopimwa hakikuwa isotopi bali bariamu, madini yanayoletwa na matope ya Mto Sabaki. Utafiti huo wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba matope yalikuwa karibu kiasi kilekile kuanzia 1700 hadi 1900, kisha yakaanza kuongezeka bila kusimama, jinsi mashamba na makazi yalivyoongezeka huko juu mtoni.

Nawaeleza haya kwa sababu mbili. Kwanza, muone kwamba kipimo kidogo kinaweza kumaliza ubishi mkubwa. Pili, habari ya tumbawe ni habari ya kisima. Mvua zetu za vuli hufuata joto la bahari hizi. El Niño ya 1997 na 1998 ilitumwagia mafuriko, na mwaka uleule wa 1998 matumbawe mengi ya pwani yalipauka na kufa kwa joto. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua zikakatika msimu baada ya msimu. Kisima kinachotegemea mvua iliyozama kwenye mawe haya hakiwezi kubaki salama mvua ikiyumba namna hiyo huku wanaovuta wakiongezeka.

Sababu nne, alama nne

Sasa turudi kisimani. Mpimaji akichukua maji yenu, hutazama nini?

Ya kwanza, bahari. Maji ya bahari yakiingia kisimani, huja na chumvi yake na uzito wake pamoja. Tuseme mvua yetu ni nyepesi kuliko bahari kwa sehemu 3 katika elfu. Bahari ikiwa asilimia 10 ya kisima, uzito wa oksijeni utasogea kwa sehemu 0.3, na mashine itaona. Ikiwa asilimia 2 tu, utasogea kwa sehemu 0.06, na hapo mashine nyingi za maji hazina uhakika. Kwa hiyo mwanzoni kabisa, kipimo cha chumvi ndicho kinachoona mapema, si isotopi.

Ya pili, mwamba. Nyuma ya ukanda huu wa matumbawe, kuelekea bara, kuna mawe ya kale ya udongo yaliyolala chini ya bahari wakati wa mijusi wakubwa, na mengi yana chumvi ndani. Hapa isotopi ndipo zinapofanya kazi yake hasa. Chumvi ya kisima ikiwa nyingi kiasi kwamba ingehitaji asilimia 10 ya bahari, lakini uzito wa maji umebaki ule ule wa mvua, basi bahari haikuingia. Ni maji ya mvua yaliyoyeyusha chumvi ya mwamba. Jirani mwenye pampu hana kosa.

Madini ya strontiamu husaidia hapo. Katika bahari zote za dunia ya leo, uwiano wa isotopi zake mbili ni 0.7092. Katika mawe ya chokaa ya enzi ile ya kale, kama yale ya Kambe, ni karibu 0.707. Tofauti iko kwenye tarakimu ya tatu baada ya nukta, na mashine nzuri husoma hadi ya tano. Ila mawe yetu ya matumbawe yana alama karibu sawa na bahari ya leo, kwa hiyo strontiamu itatenganisha mwamba wa kale na bahari, lakini haitatenganisha bahari na mawe ya matumbawe tunayokalia.

Ya tatu, jua. Maji yakituama kwenye mashimo ya machimbo au kwenye vidimbwi, jua huondoa mepesi na kuacha mazito pamoja na chumvi, kama inavyofanyika katika mashamba ya chumvi kule Gongoni na Marereni. Maji ya namna hii huwa na uwiano wake wa oksijeni na haidrojeni, tofauti na wa mvua iliyochanganyika na bahari. Mpimaji akichora vipimo viwili hivyo kwenye karatasi, ataona mistari miwili inayoachana njia.

Ya nne, choo. Hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mara nyingine haina ladha kabisa. Maji machafu ya vyoo vya shimo na matangi ya septiki huacha naitreti ndani ya maji. Mbolea ya dukani nayo huacha naitreti. Nani mwenye kosa? Ile harufu kali ya mkojo ni amonia inayopaa, na nitrojeni nyepesi ndiyo inayotangulia kupaa nayo. Nzito hubaki. Kwa hiyo naitreti ya kinyesi kwa kawaida ni nzito, mara nyingi sehemu 10 katika elfu au zaidi, na ya mbolea ya dukani iko karibu na sifuri. Ila mashine haitaweza kusema kama kinyesi ni cha binadamu au cha ng'ombe. Hapo tutatazama wenyewe kilicho karibu na kisima.

Naitreti ikizidi miligramu 50 kwa lita, maji hayo ni hatari kwa mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya chupa. Akina mama, nisikilizeni vizuri: kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti wala chumvi.

Haya si majaribio

Kuna mtu atasema mambo haya ni ya Ulaya. Hapana. Ziwa Chala liko mpakani mwetu na Tanzania, karibu na Taveta. Miaka ya 1960 kulikuwa na swali: je, chemchemi zilizo chini ya ziwa hulishwa na ziwa lenyewe? Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, walitia ziwani alama ya tritiamu, yaani haidrojeni nzito yenye mionzi hafifu, kisha wakapima maji ya ziwa na ya chemchemi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1970 yalionyesha kwamba maji ya ziwa ni sehemu ndogo tu ya maji ya chemchemi hizo. Macho yalisema ziwa ndilo mama wa chemchemi. Vipimo vikasema sivyo.

Tangu 1961 shirika hilo hilo limekuwa likikusanya vipimo vya isotopi za mvua duniani, na Entebbe na Dar es Salaam ni miongoni mwa vituo vya zamani. Kenya ni mwanachama wa IAEA. Njia ipo.

Tufanye nini

Mosi, kila kisima cha jamii kiwe na daftari. Andikeni tarehe, kina cha maji kwa kamba yenye vifundo, na ladha. Andikeni pia kama ni bamvua au maji mafu. Kisima kinachobadilika ladha pamoja na bamvua kinatuambia kwamba kinasikiana na bahari. Daftari la mwaka mmoja lina thamani kuliko maneno ya miaka kumi.

Pili, anzeni na kipimo rahisi. Kifaa kidogo cha mkononi cha kupima chumvi hutoa jibu hapo hapo kisimani. Vipimo vya kloridi, naitreti na vijidudu vifuate. Isotopi ni za mwisho, pale ambapo vipimo hivi vimeshindwa kumaliza ubishi. Mtu akija kuwauzia kipimo cha isotopi kabla ya kupima vijidudu, mwambieni ameanzia mwisho. Na isotopi haziwezi kuwaambia kama maji ni salama kunywa.

Tatu, wakija wapimaji, angalieni chupa. Chupa ndogo inatosha, lakini ijazwe mpaka juu kabisa bila kubakisha hewa, ifungwe barabara, iandikwe jina la kisima na tarehe, isiachwe juani. Ikibaki nafasi ndani, maji mepesi hupaa na kipimo kizima huharibika. Pampu iachwe ivute kwanza, ili kipimwe kilicho ardhini na si kilicholala bombani. Na muombe matokeo yarudishwe kwenu kwa maandishi. Maji ni yenu.

Nne, asichimbe mtu kisima cha mashine bila kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Najua wengi huona ni usumbufu. Lakini mkumbuke ile hesabu ya mita 1 kwa 40. Tabaka la maji matamu chini yetu ni moja, halina ua. Anayechimba kina kupita kiasi hamharibii jirani peke yake, anajiharibia mwenyewe.

Tano, mvua ikinyesha tuivune. Maji ya paa yaliyowekwa tangini ni maji ambayo hatukuyavuta chini. Na maji ya bomba yatokayo Baricho yakifika, tusiyachukulie kwamba yametuondolea wajibu wa kulinda visima, kwa sababu siku bomba likikatika tutarudi palepale kisimani.

Wazee wetu walijenga miji mizuri katika ukanda huu. Gedi ilikuwa na visima vyake, na kushuka kwa maji visimani ni miongoni mwa sababu zinazotajwa na wataalamu wa mambo ya kale kuwa zilichangia watu kuuhama mji ule. Hawakuwa na mashine ya kuwaonya. Sisi tunayo, na tuna daftari, na tuna kamba yenye vifundo. Anzeni na kamba wiki hii.